Kila Kitu Kipinde, Ila Ndoana: Kuchagua Ufito wa Kwanza wa Kuvulia Kasongo na Kabambare

Mtoto wa mvuvi wa Kigenya aliyekulia ndani ya mtumbwi kwenye mto Lualaba hahitaji mwongozo huu. Mkono wake ulishajua kazi kabla hajajua kusoma. Nawaandikia watu wazima: mkulima wa mpunga wa Kasongo, mwalimu wa Kabambare, muuza duka ambaye kila siku anauona mto na sasa anataka kuvua. Mtu huyu hana bado mkono wa mvuvi, kwa hiyo kifaa chake ndicho kitakachomfundisha. Kikiwa kibovu, atakosa samaki miezi mitatu na kuamini kwamba yeye ndiye asiyefaa.

Kanuni ninayoishika ni moja. Samaki wa kilo mbili hakati mshipi wa nguvu ya kilo sita kwa uzito wake. Huukata kwa mshtuko, pale anapogeuka ghafla na kukimbilia maji makali. Kifaa chema ni kile kinachoumeza mshtuko huo: ufito unapinda, mshipi unavutika kidogo, rili inaachia mshipi taratibu. Kitu kimoja tu hakiruhusiwi kupinda, nacho ni ndoana. Ukiingia sokoni na kanuni hii, maneno ya muuzaji hayatakubabaisha.

Tuanze na mwanzi, kwa sababu kwa wengi wetu huo ndio ufito wa kwanza, na si ufito wa kuonea haya. Kwenye vijito vinavyoingia mto Luama, na kwenye madimbwi yanayobaki maji yanapopungua, mwanzi wa mita tatu hadi nne unafanya kazi yote. Tatizo ni kwamba watu hukata mwanzi wowote ulio karibu. Mwanzi mchanga, wenye rangi ya kijani inayong'aa, una maji na utamu mwingi ndani. Ukikauka unanywea, unajikunja, na wadudu wanauvamia. Tafuta uliokomaa, wa miaka mitatu au zaidi, ambao ngozi yake imefifia na kuanza kuwa na madoa. Ukate wakati wa kiangazi. Kisha uukaushe kivulini kwa majuma kadhaa, umesimama au umening'inizwa, kamwe usiulaze juani, maana jua kali huupasua.

Unapouchagua, shika kitako chake na uangalie kuelekea nchani kwa jicho moja, kama fundi anavyotazama ubao. Mpindo mdogo si kasoro kubwa; mwanzi hunyooshwa kwa kuupasha moto polepole na kuushikilia mpaka upoe. Kasoro ya kweli ni ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, na matundu madogo yanayotoa unga ukiugonga. Mwanzi wenye unga umekwisha kuliwa ndani. Mafundo yakaribiane, hasa kuelekea nchani. Halafu fanya jaribio lililo muhimu kuliko yote: funga kamba nchani, mtu aivute chini polepole huku wewe umeshika kitako, na utazame umbo la mpindo. Mwanzi mwema huchora upinde mmoja unaoanzia nchani na kushuka hadi karibu na mkono wako. Ukiona unapinda mahali pamoja tu, pakaonekana kama goti, hapo ndipo utakapovunjika. Uache, hata kama ni mzuri wa rangi na umenyooka kama mshale.

Kufunga mshipi kwenye mwanzi nako kuna ujuzi. Wengi huufunga nchani tu. Uteremshe mshipi kutoka nchani mpaka kwenye kitako, ukiufunga hapa na pale, na fundo kubwa liwe kule chini karibu na mkono. Ncha ikivunjika, samaki bado yuko mkononi mwako.

Mshipi wa nailoni tunaununua sote. Nailoni ilitengenezwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1935, na miaka michache tu baadaye ilikuwa imeshaingia katika uvuvi. Ni kitu kizuri sana chenye adui mmoja mkubwa, jua. Gurudumu la mshipi lililoning'inizwa mbele ya kibanda tangu mwaka jana limekwisha kuungua, hata kama karatasi yake bado ni mpya. Omba lililomo ndani ya boksi. Fungua kiasi cha mkono mmoja, upitishe kati ya vidole: uwe laini mfululizo, bila mikwaruzo. Uachie: ukijikunja-kunja na kukataa kunyooka, ni wa zamani. Ukiwa mweupe-mweupe kama uliopakwa chaki, usinunue hata ukipewa nusu bei. Kwa samaki wadogo milimita 0.25 hadi 0.30 zinatosha; kwa kambare wa maji ya matope nenda 0.40 au 0.50. Na unapofunga fundo, lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza. Nailoni kavu hupata joto inaposuguana, na fundo lililopata joto ndilo linalokatika. Mshipi wa kusukwa, ule ambao karibu hauvutiki, mwachie mvuvi mzoefu. Unakata vidole na haumezi mshtuko.

Sasa rili, kwa yule anayetaka kutupa chambo mbali kwenye Lualaba pana, mahali mwanzi haufiki. Rili ya kawaida inayouzwa leo, ile ambayo kibiringo chake hakizunguki mshipi unapotoka, inatokana na wazo la Alfred Illingworth, mtu wa viwanda vya sufu huko Uingereza, aliyelipatia hataza mwaka 1905. Aliona jinsi uzi unavyotoka kichwani mwa kibiringo cha kiwandani bila kukwama. Ukiijua asili hiyo utajua pia pa kuangalia. Ukingo wa kibiringo, mahali mshipi unapopita ukitoka, uwe laini kabisa. Pitisha ukucha kuuzunguka wote. Kigurudumu kidogo kinachopokea mshipi unapourudisha kizunguke chenyewe. Kikiganda, kitausaga mshipi mpaka ufe. Zungusha mkono wa rili polepole ukiwa umeiweka karibu na sikio. Sauti ya mchanga ndani ni sababu ya kuondoka.

Wauzaji watakuhesabia idadi ya beringi. Usizijali. Beringi mbili nzuri zinashinda kumi za bei rahisi. Kinachotofautisha rili njema na mbaya ni breki. Ifunge kidogo, kisha vuta mshipi kwa mkono. Mshipi utoke kwa mwendo mmoja, bila kukwama kisha kuruka. Rili inayoruka-ruka inatoa mshtuko uleule tuliokuja kuukimbia. Kwa mshipi wa kilo sita, breki iachie kwenye kilo mbili hivi: funga mfuko wa mchele wa kilo mbili mwishoni mwa mshipi, inua ufito, na urekebishe mpaka mfuko uanze kushuka polepole.

Ufito wa dukani wa mita 2.1 hadi 2.4 unatosha. Ukichagua kati ya nyuzi za kioo na kaboni, chukua nyuzi za kioo. Kaboni ni nyepesi na inapendeza mkononi, lakini ikigongwa kwenye ukingo wa mtumbwi hupata jeraha usiloliona, kisha huvunjika siku ya samaki mkubwa. Kaboni pia hupitisha umeme. Huku kwetu mashariki ya Kongo, milimani, kiko kijiji cha Kifuka, ambacho vipimo vya setilaiti vimekihesabu miongoni mwa mahali panapopigwa na radi mno duniani. Mawingu ya radi hizo ni jirani zetu. Ukisikia ngurumo, laza ufito chini, wa aina yoyote, uondoke majini. Na kabla ya kulipa, pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete ya ufito: pamba ikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utaukata mshipi wako kila siku.

Chubwi, kile kizito kinachozamisha chambo, liwe bapa. La duara huviringishwa na mkondo. Mbenga, yule samaki wa meno, anahitaji kipande cha waya wa chuma mbele ya ndoana, lakini anayeanza hana haja ya kumtafuta.

Nimeiweka ndoana mwisho kwa kuwa ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote, pengine kwa sababu ni ya bei ndogo. Namba zake huwachanganya wanunuzi: namba 10 ni ndogo kuliko namba 4, lakini baada ya namba 1 hesabu inageuka, na 3/0 ni kubwa kuliko 1/0. Kwa samaki wadogo chukua namba 8 au 10, kwa kambare 1/0 hadi 3/0. Kokota ncha yake juu ya ukucha wa dole gumba bila kukandamiza. Ikiuma ukucha na kusimama, ni kali. Ikiteleza, itateleza pia mdomoni mwa samaki. Kisha ishike kwa koleo na ujaribu kuifungua kidogo. Ndoana mbaya hufunguka na kubaki hivyo, au hukatika. Njema hukataa, na ukiiachia inarudi ilivyokuwa. Tundu la kufungia mshipi liwe limefungwa sawasawa, bila mwanya wa kupenyeza mshipi. Jaribu moja kabla ya kununua kumi, na muuzaji akikukatalia jaribio hilo, nenda kwa mwingine.

Kama pesa ulizonazo zinatosha kitu kimoja tu cha ubora wa juu, acha rili, kata mwanzi wako, na zote uziweke kwenye ndoana.