Bulo haikuvunjika: uhakiki wa kabati moja ya bei ndogo



Kwenye ukurasa huu tumezoea kuhakiki vitabu, filamu, na mara moja moja hotuba za wakubwa. Leo ninahakiki kabati. Ndiyo, kabati ya chuma ya kuwekamo vyombo vya kazi, rangi nyekundu, tirwari tano, ruleti ine chini. Musicheke kwanza. Kitu chenye mtu ametengeneza ili auzie wengine kinasema maneno, kama vile kitabu kinasema. Na kama vile kitabu, kinaweza kusema uongo.

Tuko watu watatu, tulimaliza mekanika mwaka mmoja, tukafungua ateliye ndogo ya kutengeneza pikipiki hapa Goma. Feza ilitoka kwa akiba yetu na kwa shangazi wa mwenzetu, mwenye alituambia wazi kwamba anataka kuirudishiwa. Tulihitaji mahali pa kufungia vyombo usiku na pa kuvisukuma mchana mpaka uani, kwenye pikipiki inalala. Kabati nzuri ya kigaraji ilikuwa karibu mara ine ya bei ya ile yetu. Basi tukachukua ile yetu. Kwenye karatoni waliandika: 150 kg.

Wiki ya kwanza tulifurahi, tukapiga hata picha. Wiki ya tatu tuliisukuma kutoka sakafu ya simenti kwenda uani. Munajua uwanja za Goma: tunaishi juu ya lava. Ile ya 2002 ilipita katikati ya mji, na mpaka leo ukichimba kidogo unakuta jiwe jeusi lenye meno. Ruleti ya mbele iligonga jiwe dogo kama yai la kuku. Kabati ikainama, tirwari zikafunguka zote kwa mara moja, na mutoto wa kazi akanyoosha mikono kuishika. Hakuweza. Ilimwangukia mguuni, ikapasua ukucha wa kidole kikubwa.

Mama yake alikuja jioni. Hakupiga kelele. Aliangalia kabati, akaangalia diploma zenye tulitundika ukutani, akauliza: "Ninyi benye kusoma, ruleti tu njo ilibashinda kufunga?"

Ni swali la uhakiki, tena zuri kuliko mingi yenye nilisikia kwenye kutetea kazi za mwisho wa masomo. Nitajaribu kulijibu.

Kwanza nilifikiri bulo ilivunjika. Tulipogeuza kabati juu chini, bulo zote zilikuwa nzima. Hata moja haikuinama. Chenye kilikubali ni tole ya chini. Ilikunjamana kama mfuniko wa sanduku la sardini, na kwenye tundu mbili kichwa cha bulo kilikuwa kimepita ndani kabisa.

Tukapima. Tole ina unene wa milimita 0.8. Bulo za ruleti zilikuwa M6, moja moja na rondeli ndogo yenye haizidi kichwa cha bulo kwa kitu. Sasa tufanye hesabu yenye tulipashwa kufanya dukani. Tuseme watu wawili wanasukuma kwa nguvu ya nyutoni 400 na ruleti imekwama. Ruleti yetu ilikuwa na urefu wa milimita 70 kutoka chini mpaka kwenye tole. Ile nguvu inazungusha ruleti kwa nyutoni-mita 28. Tundu za bulo ziko mbali kwa milimita 40 tu, kwa hiyo bulo mbili za nyuma zinavutwa kwa nyutoni 700 pamoja, 350 kila moja. Ni kama mtoto wa miaka kumi ananing'inia kwa bulo moja.

Kwa bulo yenyewe hiyo si kitu. Bulo ya M8 yenye alama 8.8 kichwani inabeba zaidi ya tani mbili mbele ya kuanza kunyooka, na hata M6 ya kawaida ingecheka na uzito wa mtoto. Lakini kwa tole ya milimita 0.8 yenye imeshikwa na rondeli ndogo, ni mwisho wa safari. Kwa hiyo kosa la kwanza la kabati hii: mtengenezaji alitia nguvu mahali pasipo na shida, na mahali pa shida akaacha karatasi.

Kosa la pili ni ile namba ya karatoni. Kilo 150 ni kwenye sakafu gani? Kabati ikiwa imesimama au inatembea? Hawasemi. Kama ukigawanya 150 kwa ruleti ine, unapata kilo 37 na nusu. Ni hesabu ya darasa la tano, na ni hesabu ya uongo. Sakafu haiko sawa, hata ya simenti. Mara nyingi ruleti moja inabaki hewani na tatu njo zinabeba. Wenye kazi hii wanagawanya kwa tatu: kilo 50 kila moja. Hapo bado hatujagonga jiwe.

Kosa la tatu ni mahali walipofunga ruleti. Kabati ina upana wa sentimeta 45 kwenda nyuma, lakini ruleti zimeingizwa ndani sentimeta 5 kila upande. Mwili unaonekana wa 45, miguu ni ya 35. Ukifungua tirwari mbili za juu zenye kujaa kle, uzito unatoka mbele ya miguu. Tena ruleti zote ine zinageuka, hata moja haiko ya kunyooka. Basi kabati haijui inakwenda wapi, na freni iko kwa moja tu.

Ni haki niseme na uzuri wake, juu mhakiki mwenye kutukana tu si mhakiki. Tirwari zinatembea vizuri. Kufuli ni la kweli. Rangi imeshika, na pembe za wima, pale tole imekunjwa mara mbili, ni ngumu kabisa. Hiyo kabati ina mwili mzuri na miguu mibaya. Kumbukeni zile pembe, tutazirudilia.

Sasa nikuje kwetu. Tulimuita muzee mmoja wa sudire kwenye njia yetu. Akaigonga tole kwa kidole, akasema: "Mutoto yangu, hii ni karatasi. Munipatie siku moja, nisude."

Nikamkatalia kwa heshima, lakini nikamkatalia. Nikamwelezea kama mwalimu: Muzee, tole ya 0.8 utaitoboa na moto. Rangi itaungua, kutu itaingia. Mafuta ya rulema ya ruleti yatayeyuka, na gurudumu la plastiki pia. Siku ruleti itaharibika, tutaitoa namna gani kama imesudwa? Yote yenye nilisema ilikuwa ya kweli. Nilikuwa nimejaa furaha ya kuwa na haki.

Muzee akangoja nimalize. Akasema: "Nilikwambia nitasuda ruleti? Nitasuda kornyeri. Ruleti utafunga weye na bulo zako."

Nikanyamaza.

Kazi yenye alifanya ni hii, na ninaiandika yote juu kuna wenye watakuwa na kabati kama yetu. Alikata kornyeri ya 40 kwa 40, unene milimita 4, akasuda mstatili mbali na kabati, kwa hiyo moto haukugusa rangi. Mstatili unapita kabati sentimeta 5 mbele na 5 nyuma. Kwa kila pembe akasuda kipande cha chuma bapa cha milimita 6, na hapo njo ruleti inakaa. Tukatoboa tundu za milimita 9, tukatia bulo za M8, rondeli pana, na ekru zenye nilo ndani ili zisijilegeze kwa kutetemeka. Tulikaza zote ine kwa mkono kwanza, kisha kwa kle ya 13 kwa msalaba, kama vile unakaza gurudumu la gari. Ukikaza moja mpaka mwisho mbele ya zingine, plaki inakaa upande.

Kabati yenyewe ilikaa juu ya mstatili ili zile pembe ngumu za wima zikalie kornyeri moja kwa moja. Uzito unateremuka kwa kuta, unaingia kwenye kornyeri, unaingia kwenye ruleti. Tole ya chini haibebi tena ila vyombo vya tirwari ya mwisho. Ili kabati isiteleze, tuliifunga na bulo sita, na ndani tuliweka chuma bapa, kwa hiyo tole imeshikwa katikati ya vyuma viwili kama nyama ndani ya mkate.

Ruleti tulibadilisha. Za zamani zilikuwa plastiki ngumu ya milimita 50. Tulitia za mpira za 125: mbili za kunyooka upande mmoja, mbili za kugeuka zenye freni upande wa kusukumia. Hapa kuna mtego, usiuanguke. Ruleti kubwa inapanda jiwe kwa nguvu kidogo, lakini ni ndefu, kwa hiyo siku imekwama kweli inazungusha plaki kwa nguvu zaidi. Na inainua kabati nzima. Mtu akinunua ruleti kubwa akazifunga kwenye ile ile tole ya 0.8, ameongeza hatari. Kwetu inawezekana juu chuma cha chini ni cha milimita 6, na juu miguu imepanuka kutoka 35 mpaka 55.

Kisha wiki moja tukarudia kukaza. Rangi yenye iko chini ya rondeli inajibana polepole, na bulo yenye ilikuwa ngumu Jumatatu inaweza kulegea Jumatatu ingine. Ni dakika tano.

Nikiangalia ile kazi, ninaona Muzee alifanya chenye kila mtu wa Goma anakiona kila asubuhi. Chukudu inapita mbele ya ateliye yetu na magunia ya makaa, na viazi, na simenti. Ni mti wa mkaratusi, gurudumu za mti zenye kufungwa mpira wa pneu ya zamani. Tumeisimamishia hata sanamu mjini. Hakuna mwenye aliifanyia hesabu ya nyutoni. Lakini angalia mahali uzito unapita: gunia juu ya ubao mnene, ubao juu ya ekseli, ekseli ndani ya gurudumu. Hakuna mahali hata pamoja penye uzito unaombwa kupita katika kitu chembamba kama karatasi. Ile kabati nyekundu, na rangi yake ya kigeni, ingefundishwa na chukudu.

Na sisi je? Tulisoma rezistansi ya materio mwaka mzima. Tulipata pointi. Lakini kwenye mitihani, tegemeo la boriti ni pembetatu ndogo yenye tunachora na kalamu, na haivunjiki kamwe. Tunahesabu boriti, tunahesabu tena boriti, na ile pembetatu hakuna mwenye anauliza imefungwa kwa nini, na bulo gani, kwenye tole ya unene gani. Ninasema hivi bila kumtupia mwalimu yeyote mawe. Hata mimi, nikiwa na mita mfukoni dukani, sikuigeuza kabati kuangalia chini. Niliangalia rangi na bei.

Hukumu yangu basi. Kabati ya bei ndogo si kosa. Mtu mwenye hana feza ya ile kubwa hana sababu ya kuona haya. Kosa ni kuuza miguu ya sakafu laini kwa watu wa lava bila kuwaambia, na kosa lingine ni kununua bila kuuliza. Kornyeri, ruleti mpya na kazi ya Muzee vilikula karibu nusu ya bei ya kabati. Ukijumlisha, bado tulikuwa mbali chini ya ile ya bei kubwa. Lakini hiyo nusu uiweke kwenye hesabu mbele ya kulipa, usiingojee mpaka mguu wa mtu uumie.

Ukienda kununua, omba waigeuze. Bonyeza tole na kidole gumba karibu na tundu la bulo. Kama inaingia chini ya kidole, itaingia chini ya ruleti. Na kama wanakushauri kufunga na visi za kujitoboza tu, kumbuka hata bulo ya M8 ina hatua ya milimita 1.25 toka jino mpaka jino. Katika tole ya 0.8 hata jino moja halipati mahali pa kushika. Nyumbani weka vyombo vizito tirwari za chini, ufungue moja kwa mara moja, na ukivuka mlango, vuta polepole.

Ukucha wa mutoto umeota. Tulimlipia dawa na siku zenye hakufanya kazi. Mama yake alirudi mwezi uliopita na pikipiki ya muamba yake, akaona kabati imesimama uani juu ya mawe, freni mbili zimefungwa. Aliisukuma kwa goti, kwa nguvu. Haikutikisika.

"Nani aliifunga?" akauliza.

Nikamwambia ukweli: Muzee wa sudire alijua, na sisi tulikaza bulo.