Keki ya Harusi Inapotoka Friza

Wapishi wengi wa keki za harusi huoka matabaka katikati ya wiki, huyagandisha, kisha huyapamba Ijumaa kwa sherehe ya Jumamosi. Mteja akisikia neno friza hununa, akidhani anauziwa kiporo. Hana sababu ya kununa. Tabaka lililogandishwa vizuri huwa laini kuliko lililokaa siku mbili kabatini, na kuliko lililokaa kwenye friji ndiyo usiseme.

Tumezoea kuamini kwamba keki hukakamaa kwa kukauka. Lakini mwaka 1852 mwanakemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha kuwa mkate hukakamaa hata ukizuiwa usipoteze maji. Chanzo ni wanga. Ndani ya oveni hunywa maji ukalainika; ukipoa, molekuli zake huanza kujipanga upya na kushikana. Kazi hiyo huenda mbio karibu na nyuzi joto 4, ambalo ndilo joto la friji, na karibu husimama kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Sukari na mafuta huichelewesha, haviizuii. Anayeweka keki tupu kwenye friji ili isiharibike anakuita kukakamaa anakokukimbia.

Kabla ya kufungwa, tabaka lipoe kabisa, la sivyo mvuke wake utageuka barafu juu ya keki. Lizungushiwe nailoni ya chakula mara mbili, kisha foili. Foili si pambo: siagi hunyonya harufu haraka, na friza nyingi za pwani zina kibua na pweza.

Kazi hasa iko kwenye kuyeyusha. Hewa ya Dar es Salaam au Mombasa imejaa unyevu, na kitu chochote cha baridi kikiwekwa mezani hushukiwa na umande. Keki ikivuliwa nailoni ingali na barafu, umande hutua juu yake: ngozi inanata, inabanduka pamoja na kremu, na fondanti ya rangi nzito inachuruzika. Ikiachwa ndani ya nailoni hadi ifikie joto la chumba, umande huishia nje, ukafutwa kwa kitambaa. Tabaka la kawaida huhitaji saa chache tu.

Kuchonga na kupaka kremu ya kwanza tu ndiko ningefanya mapema, keki ingali ngumu kidogo, maana makombo hayasumbui. Fondanti isubiri. Hewa iliyo ndani ya keki baridi hutanuka inapopata joto, ikaivimbisha fondanti kama lengelenge. Kastadi isigandishwe kabisa, kwa kuwa hukatika na kutoa maji, ijazwe mwishoni.

Umeme ukikatika, mlango wa friza usifunguliwe. Keki ikishalainika, ipambwe iliwe: ikigandishwa tena, chembe za barafu huwa kubwa zaidi, na nyama ya keki hutoka imelowa huku na kavu kule.