Kujua na Kusema: Ulimi wa Mtoto wa Nyabiyonza

Methali tatu za Waswahili zimebeba nadharia nzima ya malezi. "Samaki mkunje angali mbichi" yasema kuwa tabia ni zao la mkono wa mlezi. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" yasema hayo hayo kwa upole zaidi. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" yaongeza mwalimu wa pili, asiye na huruma. Zote zina hekima, na zote zina upungufu mmoja: mtoto ndani yake ni wa kutendwa tu. Anakunjwa, analelewa, anafunzwa. Yeye mwenyewe anafanya nini, methali hazisemi.

Upungufu huo si wa wahenga peke yao. Mwaka 1957 B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alitoa kitabu kilichodai kuwa usemi ni tendo kama matendo mengine: linalotuzwa hurudiwa, lisilotuzwa hufifia. Miaka miwili baadaye Noam Chomsky alikihakiki kwa ukali, na hoja yake moja haijapoa hadi leo: binadamu husema sentensi ambazo hajapata kuzisikia, na huzielewa ambazo hakuna aliyemfunza.

Ushahidi wa hoja hiyo haupo mbali. Mtoto mdogo wa Unguja au Pemba akisema "baba hakuli nyama", amekosea. Wakubwa husema "baba hali nyama". Lakini "hakuli" ameipata wapi, ikiwa wakubwa wake hawaisemi? Ameisikia "anakula", ameisikia "amekula" na "atakula", akakata shauri kwamba shina la neno ni "kula", kisha akalikanusha kwa kanuni ile ile inayotoa "hapiki" na "halimi". Kosa lake ni hesabu iliyofanywa vyema kwa tarakimu chache. Wala si kwamba wazazi humsahihisha kila anapoteleza. Roger Brown na Camille Hanlon, katika uchunguzi wao wa mwaka 1970 juu ya watoto wa Marekani, waliona kuwa wazazi huangalia zaidi ukweli wa alichosema mtoto kuliko sarufi aliyoitumia. Sarufi mtoto huinyosha mwenyewe, pole pole. Samaki huyu, basi, anajikunja.

Hapo ndipo inapofaa kuvuka maji na bara lote hadi Nyabiyonza, kata ya Wilaya ya Karagwe katika Mkoa wa Kagera, upande wa nchi unaopakana na Rwanda na Uganda. Nchi ya migomba na kahawa. Lugha ya nyumbani ya Wanyambo ni Kinyambo, ambayo wenyewe huiita Orunyambo, na ambayo J. M. Rugemalira aliiandikia sarufi iliyochapishwa mwaka 2005. Katika lugha hiyo irabu ndefu na irabu fupi zaweza kutenganisha maana, na sauti hupanda na kushuka kwa kanuni. Nomino hutanguliwa na irabu: omuntu, abantu. Na kitenzi hakitosheki kusema jambo limepita. Hutofautisha lililopita leo, lililopita jana, na lililopita zamani, mahali ambapo Kiswahili huyabeba yote matatu kwa "-li-" moja.

Mtoto wa Nyabiyonza aliyelelewa kwa Kinyambo anaingia darasa la kwanza akiwa na elimu hiyo yote kichwani, na hakuna aliyemwandikia hata kanuni moja ubaoni. Darasani anakutana na Kiswahili, kilichofanywa tangu 1967 kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma. Akisema "kurara" badala ya "kulala" anachekwa, kwa sababu katika lugha yake r na l hazitenganishi maana. Akichekwa mara mbili, ya tatu hanyanyui mkono. Ndipo anapoandikiwa hukumu: mzito, hajui.

Hukumu hiyo ina kosa kubwa kuliko "kurara". Mwaka 1965 Albert Bandura, aliyekwisha kuonyesha mwaka 1961 kwamba watoto huiga mapigo ya mtu mzima aliyeshambulia mwanasesere, alifanya jaribio la pili. Watoto walioona kwenye filamu mshambuliaji huyo akiadhibiwa waliiga kidogo kuliko wenzao. Lakini watoto wote walipoahidiwa zawadi kwa kila tendo watakaloweza kulirudia, tofauti ile ilitoweka. Wote walikuwa wamejifunza. Walioogopa adhabu walikuwa wamenyamaza tu. Kujua ni jambo moja, kudhihirisha ni jingine.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake pia. Katika miaka ya 1970 Sara Harkness na Charles Super waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis katika nyanda za magharibi ya Kenya, wakaandika kwa nini watoto wa Afrika ni wagumu kupimwa. Mtoto aliyetakiwa na mtu mzima asimulie upya hadithi aliyoisikia, aghalabu alinyamaza. Huko mtoto mwema ni yule anayesikia na kutii. Kumwaga maneno mbele ya mkubwa si adabu. Kipimo kilidhani kinapima lugha, kumbe kilipima heshima. Karagwe si Kokwet, lakini mwalimu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya darasa lililonyamaza anapaswa kujiuliza kimya kile kimefunzwa na nani.

Na mhakiki wa mashairi ajiulize vivyo hivyo. Ukosoaji wa pwani una mazoea ya zamani ya kuipima tungo ya bara kwa masikio kabla ya kuisoma: r imeangukia wapi, neno gani si la mji. Mazoea hayo yangalimpoteza Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani kwao, akazimiliki bahari za ushairi hata akahesabiwa mwasisi wa ngonjera. Mwaka 1976 M. M. Mulokozi, mzaliwa wa Kagera, pamoja na K. K. Kahigi, waliiita diwani yao Malenga wa Bara. Jina hilo halikuomba radhi, na ugomvi wa vina na mizani uliokuwa ukiwaka miaka ile haukuwa wa arudhi pekee. Ulikuwa pia wa nani ana haki ya kukosea kwa namna yake hadi kosa liwe mtindo.

Hii si kusema kila kosa ni shairi. "Hakuli" lazima siku moja iwe "hali", na mtoto wa Nyabiyonza anastahili kufundishwa l na r kwa subira, kama anavyostahili mtoto wa Makunduchi akienda kusoma lugha ya wengine. Lakini subira huanza kwa kuamini kwamba mwanafunzi anafanya kazi, hata pale midomo inapofungwa. Mwenye sikio la pwani akitaka kuihukumu lugha ya mtoto huyo, kwanza na amuulize habari za jana kwa Kinyambo. Huenda akagundua kuwa mwanafunzi wa siku hiyo ni yeye.