"UTI sugu, PID sugu, mirija imeziba": tulisome hili tangazo vizuri

Unalijua hili tangazo. Linapita kwenye stetasi za WhatsApp, Instagramu limejaa tele, na stendi limebandikwa kwenye nguzo ya umeme. Linakuita dada. Linakuuliza kama tumbo la chini linauma, kama mkojo unachoma, kama unatokwa na uchafu wenye harufu, kama unatafuta mtoto na hupati. Halafu linakupa jina la ugonjwa, dozi ya mitishamba "inayozibua mirija", na namba ya simu.

Kabla hujacheka, lipe haki yake. Linazungumza na mwanamke bila kumsimanga. Linataja maumivu ambayo kwenye foleni ya zahanati, mbele ya watu kumi na tano, wengi hatuwezi kuyataja. Na limeunganisha mambo mawili ambayo kweli yanaungana: maambukizi ya njia ya uzazi na kuziba kwa mirija. Aliyeliandika anawajua wateja wake. Ugonjwa ndio asioujua.

Neno ambalo tangazo halilitaji ni klamidia. Hiki ni kimelea cha zinaa, bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis, ndugu wa damu kabisa na yule anayeleta trakoma machoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 peke yake kulikuwa na maambukizi mapya milioni 128.5 kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Tabia yake kubwa ni kuishi ndani ya seli zetu. Nje ya seli hazaliani, na kwenye sahani ya maabara ya kuoteshea bakteria wa kawaida haoti.

Sasa hapo ndipo "UTI sugu" nyingi zinapozaliwa. Klamidia ikikaa kwenye mrija wa mkojo, mkojo unachoma. Unaenda kupima mkojo, darubini inaonyesha chembe nyeupe, unaandikiwa UTI, unapewa sipro au amoksilini. Baada ya wiki mbili tatizo limerudi. Mkojo ukioteshwa, hakuna kitu. Basi unaambiwa, au unajiambia mwenyewe, kwamba ni sugu. Kumbe mdudu hajawa sugu, hajatafutwa tu. (UTI yenye usugu wa kweli ipo, na ni tatizo kubwa, lakini ile huonekana maabara ikioteshwa.)

Kosa kubwa zaidi la tangazo ni ile orodha ya dalili. Wanawake wengi wenye klamidia, na wanaume takriban nusu, hawana dalili yoyote. Hawaumwi, hawawashwi. Kwa hiyo orodha inamwita mwenye fangasi, inamwita mwenye UTI ya kawaida, inamtisha mwenye ute wa kawaida kabisa, na inampita yule ambaye mdudu anapanda taratibu kutoka mlango wa kizazi kwenda juu. Akifika kwenye mirija analeta uvimbe, ndiyo PID yenyewe. Uvimbe ukipona unaacha kovu. Mirija yenye kovu inaweza kuleta ugumba, maumivu ya nyonga yasiyoisha, au mimba kutunga nje ya kizazi, ambayo mirija ikipasuka inaua.

Na kovu, jamani, halizibuliwi. Tangazo linachora mirija kama bomba la sinki lililojaa taka: mimina dawa, taka zishuke. Kovu ni nyama iliyobadilika, kama lile la moto kwenye mkono wako. Mirija huchunguzwa kwa eksirei yenye dawa maalumu inayopitishwa kwenye kizazi, na ikiwa imeharibika, njia zilizobaki ni upasuaji au kupandikiza mimba. Vyote ni ghali. Dawa ya klamidia yenyewe ni rahisi: doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 7, au azithromaisini kwa mjamzito. Wiki nzima hakuna kufanya mapenzi, na baada ya miezi 3 unapima tena, kwa sababu kuambukizwa upya ni kawaida sana.

Kuambukizwa na nani? Lisome tena tangazo ulitafute neno mume au mpenzi. Limo mara moja tu, pale linapokutisha kwamba atakukimbia. Kutibiwa kwake hakumo. Dada anameza dozi peke yake, anarudi nyumbani kwa yule yule.

Lakini tusiishie kumsema muuza mitishamba. Mabango yetu rasmi yanasema "kapime mapema", na ukifika zahanati unakuta kipimo hakipo. Mhudumu anafuata mwongozo wa kutibu kwa dalili, yaani akisikia malalamiko fulani anatoa dawa za magonjwa yanayoweza kuyaleta. Mwongozo huo haukuwa wa ovyo. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa 1995 ulionyesha kuwa vijiji vilivyopata huduma bora za magonjwa ya zinaa kwa njia hiyo vilipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Ila unaanza na mtu mwenye malalamiko. Asiye na dalili haumhusu, sawasawa na tangazo.

Kipimo kinachomwona mdudu huyu kinatafuta vinasaba vyake, kwenye mkojo wa mwanzo au kwenye ute ambao mwanamke anaweza kuuchukua mwenyewe kwa pamba. Mashine za GeneXpert tulizozizoea kwa kifua kikuu zinaweza kukifanya kwa takriban dakika 90. Mashine ziko kwenye hospitali zetu nyingi. Katriji ya klamidia ndiyo haijanunuliwa, au ipo kwa bei ambayo mwanafunzi wa chuo hawezi kuilipa. Kwa hiyo ukienda, usiombe "kipimo cha UTI". Taja klamidia kwa jina, uliza wanapima kwa mashine gani na bei yake, na kama hawana, uliza ni hospitali gani ya rufaa wanayoweza kukuandikia.