Chumvi Ndani ya Chupa

Chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, yenye kifuniko. Tia mahindi hadi theluthi moja, nyunyizia chumvi kavu ya mezani kiasi cha vijiko viwili vitatu, funga, tikisa dakika kadhaa, kisha iache itulie. Chumvi ikiporomoka yote chini na kuacha glasi safi, mahindi hayo yanaweza kuwekwa. Ikinata ubavuni mwa chupa, yarudishe juani, na usimsikilize mtu anayekuambia kwamba yameshakauka.

Jaribio hili maafisa wa kilimo wamelifundisha kwa miaka mingi katika Afrika Mashariki. Katika soko kama Sondu, nchini Kenya, ambako mahindi yanauzwa kwa kopo la gorogoro na mnunuzi hana mashine ya kupimia unyevu, ndilo linalomlinda mtu asiye na cha kumlinda. Wengi hulifanya bila kuuliza kwa nini linafaulu. Mimi huliona mojawapo ya majaribio mazuri kuliko yote ninayoyajua. Chumvi ya kawaida ina mpaka wake. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, chumvi huanza kunyonya maji na kulowana. Ukiwa chini ya hapo, hubaki kavu. Joto lipande au lishuke, mpaka huo karibu hausogei. Nayo punje ya mahindi, ikifungiwa mahali, hugawana maji yake na hewa inayoizunguka hadi pande mbili ziridhiane. Mahindi yenye maji asilimia 15 huifikisha hewa ya chupa kwenye mpaka huo wa chumvi. Kwa hiyo mama anayetikisa chupa sokoni hapimi punje. Anapima hewa iliyo kati ya punje, na hapo ndipo ulipo ufundi wote wa kuhifadhi.

Chumvi hiyo hiyo ndiyo mwamuzi wa watu wengine kabisa, ambao huenda hawajapata kusikia jina la Sondu. Wapenzi wa biri, zile sigara nene zinazosokotwa Cuba na kwingineko kwa majani matupu ya tumbaku, huziweka katika masanduku ya mbao za mti unaoitwa mwerezi wa Kihispania, ingawa si mwerezi wala si wa Hispania. Ndani ya sanduku hukaa kipimo kidogo cha unyevu. Wanapotaka kujua kama kipimo kinasema kweli, hulowanisha chumvi kidogo kwenye kizibo cha chupa, wakaifungia pamoja na kipimo kwa saa kadhaa. Mshale lazima usome 75. Usipofika hapo, hurekebishwa. Baada ya hapo sanduku hutunzwa kati ya asilimia 65 na 70, kwa joto la nyuzi 18 hadi 21. Unyevu ukizidi, kuvu huingia. Ukipungua, jani hukauka, likavunjika na kupoteza harufu yake. Joto likipita nyuzi 24 hivi, mayai ya kimdudu cha tumbaku yaliyokuwa yamelala ndani ya jani huanguliwa, na biri ya fedha nyingi ikabaki na vitundu.

Sasa rudi kwenye mahindi. Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao hupokea mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yakifungiwa katika joto la nyuzi 25, mahindi ya namna hiyo huishikilia hewa iliyo kati ya punje papo hapo, baina ya asilimia 65 na 70. Hewa ya gunia zuri la Sondu na hewa ya sanduku la biri ni moja. Hakuna aliyeiga mwenzake. Kuvu ndiyo iliyowawekea wote sheria, kwa sababu kuvu nyingi za ghalani hushindwa kuota hewa ikiwa kavu kuliko hapo. Tofauti iliyopo ni kwamba mwenye sanduku ameandikiwa vitabu na magazeti ya kumsifia subira yake, na mwenye gunia ameandikiwa vipeperushi vya kumwonya asizembee.

Tena mwenye gunia ndiye aliyepewa kazi ngumu. Mwenye biri hufunga kifuniko, hali ya nje ikawa haimhusu. Sondu imekaa mpakani mwa Kisumu na Kericho, Homa Bay ikiwa jirani, kwenye mto wa Sondu-Miriu unaoteremka kutoka nyanda za chai kwenda Ghuba ya Winam. Upande mmoja kuna ziwa, upande wa pili kuna milima, na pande zote mbili hutuma mvua. Mahindi yaliyopandwa kwa mvua ya Machi hukomaa Julai na Agosti, na miezi hiyo si kiangazi cha kutegemewa. Asubuhi jua huwaka vizuri, saa nane mawingu yanajikusanya, saa kumi kila mtu anakimbia na turubai.

Ndani ya saa hizo chache kuna maarifa ambayo sijayaona yakiandikwa kwa heshima yanayostahili. Mahindi hayaanikwi umande ukiwa bado chini, kwa maana turubai litanyonya unyevu wa nyasi na kuurudisha kwenye punje. Hutandazwa kwa tabaka jembamba, yakageuzwa mara kwa mara kwa mguu au kwa reki, ili punje ya chini isibaki imejificha. Dalili za kukauka ni nyingi, na mtu mzoefu hazitumii moja moja. Punje iking'atwa hukatika kwa mlio badala ya kubonyea. Ukizimimina kutoka debe hadi debe, sauti yake hugeuka, ikawa ya juu na kali. Mkono ukizamishwa ndani ya lundo huteleza hadi kiwiko bila kukwama, ukatoka bila unga kunata. Halafu kuna jambo ambalo wenye haraka hulisahau: mahindi yaliyotoka juani hayatiwi guniani yakiwa na joto. Huachwa kivulini yapoe kwanza. Gunia likifungwa moto, usiku hupoa kwa nje huku katikati kukibaki na joto, maji yakahama kutoka katikati kwenda pembeni, na nafaka iliyokuwa kavu saa kumi ikalowana alfajiri kwa maji yake yenyewe.

Wajaluo walikuwa na jengo la kazi hii, nalo ni dero. Ni kikapu kikubwa cha mviringo kilichofumwa kwa fito, kikakalishwa juu ya mawe au nguzo ili unyevu wa ardhi na panya visifike kwa urahisi, na juu yake kikavikwa paa la nyasi lenye ncha. Paa halikupigiliwa. Aliyetaka chakula aliliinua upande mmoja, akaingiza mkono au akapanda, akachota, akalirudisha. Katika boma la Kijaluo kila mke alikuwa na dero lake kando ya nyumba yake, na mwenye boma akawa na la kwake. Ukitaka kujua nani alikuwa na kauli juu ya chakula cha nyumba, dero lilikujibu kabla hujauliza.

Mfumaji mzuri alijua kwanza dero ni la kuweka nini. La mahindi ya magunzi huachwa na matundu, kwa sababu gunzi huingia likiwa bado na maji na linahitaji upepo uendelee kulikausha humo ndani. Ndiyo sababu dero la namna hiyo halifai kunenepa: upepo unaopenya ukingoni huchoka kabla ya kufika katikati. Wataalamu waliokuja baadaye na maghala ya mbao yaliyonyooka walipima, wakaona kwamba mahali penye unyevu mwingi upana usizidi sentimita 60 hivi, na upande mrefu ukabili upepo. Dero la nafaka ndogo iliyopurwa ni kinyume chake. Hilo husiribwa kwa udongo na samadi ya ng'ombe hadi lisionyeshe mwanga, kwa kuwa nafaka hiyo imeshakauka na sasa adui wake ni hewa yenye unyevu inayotoka nje.

Paa la nyasi lilikuwa na siri yake, nayo ilionekana vizuri baada ya bati kuja. Bati huwaka mchana na kupoa upesi usiku. Hewa yenye joto inayopanda kutoka kwenye nafaka hukutana na bati baridi, ikageuka matone, matone yakadondoka. Mtu hufungua ghala akaona kuvu imetanda juu kabisa ya mahindi, akadhani paa linavuja, akalitafuta tundu asilione. Nyasi hazipati moto kiasi hicho wala hazipoi kwa pupa namna hiyo. Simaanishi turudi sote kwenye nyasi, maana zinaungua na panya huzipenda. Lakini aliyeweka bati ilimpasa aache nafasi ya hewa chini yake, na wengi hawakuambiwa.

Kuhusu joto, Sondu haina bahati ya biri. Nyuzi 21 mchana kutwa ni ndoto kando ya ziwa, na fukusi huzaana vizuri kuanzia nyuzi 25 kwenda juu. Mwaka 1983 Kenya ilipata mgeni mbaya zaidi pale Taveta, dumuzi, aliyekuwa ameshaingia Tanzania upande wa Tabora. Huyu hula gunzi likiwa zima, na hata mti wa ghala huutoboa. Jibu la wazee dhidi ya wadudu lilikuwa majivu yaliyochungwa, yakachanganywa na nafaka hadi kila punje ipate vazi lake. Majivu huziba nafasi ambazo mdudu anapitia, na humkwaruza ile nta inayomzuia kupoteza maji. Anakauka. Hata hapo, ukitazama vizuri, silaha ni unyevu: umempa mdudu hewa asiyoiweza.

Anayeona haya yote ni ya kizamani akumbuke mwaka 2004 Ukambani. Mahindi yaliyowekwa yakiwa na maji yalishikwa na kuvu, kuvu ikatoa sumukuvu, na watu 317 wakaugua, 125 kati yao wakafa. Sumu hiyo haionekani, na kupikwa hakuiondoi. Sheria ya Kenya inaruhusu sehemu 10 tu katika sehemu bilioni.

Leo katika maboma mengi dero limebaki kikapu kitupu au halipo kabisa. Nafaka hulala nyumbani, guniani, wakati mwingine chini ya kitanda, kwa sababu wezi nao wameongezeka. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, iliyoanzia katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue juu ya kunde za Cameroon, imefika madukani. Mdudu aliyefungiwa humo humaliza oksijeni, akafa, bila dawa. Ni chombo kizuri, nami nakisifu. Hata hivyo hakikaushi kitu. Ukiufungia mahindi mabichi, mfuko utakutunzia ubichi huo kwa uaminifu hadi siku ya kuufungua. Kung'ata, kusikiliza na kutikisa chupa bado ni kazi ya mtu.

Hatua chache kutoka kwa wauza mahindi wa Sondu utakuta viazi vitamu vya Kabondo, na hapo kanuni inapinduka. Kiazi kinataka hewa iliyojaa unyevu. Kikiwekwa pakavu hunywea. Wakulima wamelitatua jambo hilo kwa kutojenga ghala lolote: wanakiacha ardhini, wakachimba kidogo kidogo kadiri ya sufuria au ya soko. Kusini zaidi, Migori, waliolima tumbaku ya viwandani walijifunza kanuni ya tatu: jani lililokaushwa haliguswi adhuhuri, litasagika mkononi, hushughulikiwa alfajiri, hewa ikiwa imelilainisha. Baadhi yao sasa wamehamia maharage, chini ya mpango wa serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa wa kuwatoa kwenye tumbaku, na maharage nayo yana kipimo chake cha maji.

Mahindi, viazi vitamu na tumbaku vyote asili yake ni Amerika. Dero ni la zamani kuliko vyote hivyo katika nchi hii, na lilifumwa kwa ajili ya mtama na wimbi. Hasa wimbi. Punje yake ni ndogo kiasi kwamba fukusi hana nafasi ya kukulia ndani yake, na ikikauka inalala bila usumbufu. Mahindi hutunzwa kwa shida hadi msimu unaofuata. Wimbi ulikaa miaka mingi katika dero lililosiribwa, ukafunguliwa mvua zilipokosekana. Mama aliyekuwa nao hakuuchota kwa uji wa kila siku. Aliula mtama, baadaye akala mahindi, na wimbi akauacha nyuma ya samadi iliyokauka, akipita kila baada ya mvua kutazama kama siribo imepasuka, na palipopasuka akaziba.