Unyofu wa Kiongozi Kazini: Kukisoma Upya Kifungu cha 15 cha Mwongozo wa TANU

Katika semina ya watumishi wa sharika iliyofanyika hapa Mjimwema, tulikisoma pamoja kifungu cha 15 cha Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. Wazee walikikumbuka mara moja. Ndicho kilichomkataza kiongozi majivuno, anasa, dharau na uonevu, kikamtaka awaheshimu watu anaowaongoza. Tulipomaliza, mhudumu mmoja wa ofisi akasema kwa upole: "Mchungaji, hata mkubwa wetu wa kazi anajua kusema hivyo." Watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Neno hilo ndilo lililotusukuma kuandika uhakiki huu.

Hatukidharau kifungu hicho. Ni maandishi machache ya wakubwa yaliyopata kushikwa na wafanyakazi kama ngao yao. Kati ya 1971 na 1973 migomo ilizuka viwandani, na mara nyingi kilio hakikuwa mshahara, bali mameneja waliotukana na kudharau watu. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walifikia hatua ya kukitwaa kiwanda. Nguvu ya kifungu imo katika lugha yake: kinayataja maovu kwa majina yake pasipo kuzungukazunguka. (Sisi wahubiri tungefaa kujifunza hapo.)

Hata hivyo, kifungu kinamweleza kiongozi jinsi anavyopasa kuwa, lakini hakisemi mdogo aseme wapi, na kwa ulinzi gani, mkubwa akienda kinyume. Kazi ya kupiga vita uonevu kinakiachia chama chenyewe. Basi aliyeonewa anangoja wakubwa wajirekebishe. Katika Mathayo 23 Bwana anawaita walioketi katika kiti cha Musa wanafiki, na neno la Kiyunani lililotumika hapo, hupokrites, lilimhusu pia mwigizaji wa jukwaani. Unyenyekevu nao una vazi lake. Meneja aweza kuvaa Kaunda suti, akala kantini pamoja na madereva, akaitwa ndugu, na bado asiwepo wa kumwambia kweli.

Sisi wa Songea tunao ushahidi wa karibu. Katika miaka ya 1960 vijiji vya Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, kwanza Litowa, vilijiamulia kazi na mapato yao mikutanoni. Kiongozi alilima pamoja na wenzake na kuulizwa mbele yao. Mwalimu Nyerere mwenyewe alivisifu. Lakini Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho, na mali zake zikachukuliwa. Wakubwa wengi waliona watu wanaojiamulia mambo kuwa ni watu wasiotii. Haikupita miaka miwili, chama kilekile kikaandika kifungu cha 15. Hatusemi waandishi walidanganya. Yawezekana kabisa waliamini kila neno. Hilo ndilo linalotutisha zaidi, kwa maana mtu aweza kuamini maneno yake kwa moyo wote na asijione alivyo, ikiwa walio chini yake wamekwisha kujifunza kunyamaza.

Kwa sababu hiyo tunaliona andiko la Nyerere la 1962, Tujisahihishe, kuwa na kina zaidi, ingawa halikupata sifa ya Mwongozo. Lenyewe linaanza na makosa ya wenye chama, na linawakemea wanaopima hoja kwa cheo cha msemaji. Msomaji wa Luther atakumbuka mjadala wa Heidelberg wa 1518, ambamo mwanatheolojia wa msalaba hutambulika kwa kukiita kitu kama kilivyo. Lakini kukiita hivyo mbele ya mkubwa kuna gharama, na gharama hiyo daima imelipwa na mdogo. Hapo Tujisahihishe nalo halikufika.

Wala Kanisa halina la kujivunia. Mkuu wa idara hufungua kikao kwa sala, akaomba kukosolewa, kisha likizo ya aliyemkosoa ikacheleweshwa. Tumeyaona. Baada ya semina ile tulimwuliza mwandishi wetu wa ofisi ni lini alipotupinga kwa mara ya mwisho. Aliinamia karatasi zake, akajibu kwamba hakumbuki. Amefanya kazi nasi miaka 9.