Namna ya Kumpima Mwigizaji: Paul Scofield

Mwigizaji aliyekomaa jukwaani akiingia kwenye filamu, usimpime anaposema. Mpime wakati mwenzake anasema. Hapo ndipo wengi huumbuka: macho yanangoja zamu, uso umekwisha kutayarisha jibu. Mwingereza Paul Scofield (1922–2008) anafaa sana kujifunzia, kwani jukwaa ndilo lililokuwa makazi yake, na filamu alizocheza si nyingi.

Anza na A Man for All Seasons ya mwaka 1966, iliyoongozwa na Fred Zinnemann. Nafasi ya mhusika mkuu, Thomas More, alikuwa ameicheza London tangu 1960, kisha New York, akapata tuzo ya Tony. Hatari ya kurudia maneno yaleyale usiku hadi usiku ni kwamba hugeuka kuwa wimbo. Kwake husikii wimbo. Hutua katikati ya sentensi, mahali usipotarajia, kama mtu ambaye wazo lake ndiyo kwanza linamjia. Kisha mtazame mbele ya Robert Shaw, anayemcheza mfalme Henry VIII kwa vicheko na makelele ya ghafla. Scofield hashindani naye hata kidogo. Anamwachia uwanja, lakini kila neno la mfalme unaliona likimfikia na likipimwa. Wapo wanaodhani utulivu huo ni wepesi wa kazi; kwangu mimi hakuna kazi ngumu zaidi, na Oscar aliyopewa aliistahili.

Sauti nayo ina mtihani wake. Katika King Lear ya Peter Brook, iliyochezwa Stratford 1962 na kutolewa kama filamu mwaka 1971, uzee hauletwi kwa kutetemesha koo, hila ambayo kila mwanafunzi anaiweza. Lear anagawa ufalme akiwa ameketi, kwa sauti nzito na kavu. Aliyezoea kutiiwa hana haja ya kupaza.

Halafu nenda Quiz Show ya 1994. Hapo ni baba, profesa mwenye heshima, na mwanawe, Ralph Fiennes, anamkiria kwamba alidanganya katika shindano la televisheni. Baba haelewi mara moja. Ukweli unamwingia kidogo kidogo, na hasira inatangulia kupita kwenye upendo. Itazame sehemu hiyo mara ya pili ukiwa umezima sauti, uone kama unaweza kuonyesha kwa kidole ni wakati gani hasa ameelewa.